Sauti Iongozayo katika Muziki wa Vinanda vya Umeme

Muziki wa vinanda vya umeme una maadui wengi na marafiki wengi katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na ajabu ni kuwa pande zote mbili aghalabu hukosea mahali pamoja. Adui husema kuwa kinanda cha umeme hakina roho, kwa hiyo hakiwezi kuongoza wimbo. Rafiki hujibu kwa kununua kinanda kikubwa zaidi, au kwa kurundika sauti tatu juu ya moja, akidhani kuwa roho hupatikana kwa wingi wa vifaa. Wote wawili hawajaiuliza sauti yenyewe inafanya kazi gani. Sauti iongozayo, yaani ile inayobeba lahani juu ya ngoma na besi, yapasa kupimwa kwa mizani moja: je, yasema, au yalia tu?

Kabla ya umeme kazi hii katika ngoma nyingi za pwani ilikuwa ya zumari. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alikuwa amekwisha kuona huko Mogadishu jinsi sultani alivyotembea akitanguliwa na ngoma, tarumbeta na zumari. Zumari ni chombo kidogo, lakini sauti yake hupenya ngoma kubwa bila ya kuomba ruhusa. Mpigaji stadi huweka hewa mashavuni, akavuta pumzi kwa pua huku sauti ikiendelea, hata wimbo ukawa hauna mahali pa kukatika. Walakini sauti hiyo isiyokatika haitulii. Hupanda kidogo, hushuka kidogo, huteleza kutoka noti hadi noti, kwa kuwa mdomo na pumzi za binadamu hazikai katika hali moja. Hapa pana funzo la kwanza: sauti yaweza kudumu muda mrefu bila ya kumchosha msikilizaji, maadamu ndani yake mna mwendo.

Kitufe cha kinanda hakina pumzi. Hufungua sauti na kuifunga, basi. Na katika sauti nyingi za kiwandani noti ikishafunguliwa husimama wima kama nguzo. Waundaji wa sinthesaiza walilitambua jambo hili mapema. Minimoog, iliyotolewa mwaka 1970 na kampuni ya Robert Moog huko Marekani, ilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja, kama zumari. Ilikuwa na gurudumu la kupinda sauti kwa mkono wa kushoto, na kirekebishi cha kuifanya noti iteleze hadi kwenye noti ya pili. Si bahati kwamba chombo chenye upungufu huo wa noti kilisifiwa kwa kuongoza wimbo. Mkono mmoja ulichagua noti, na mkono wa pili ulifanya kazi ya mdomo. Mpigaji wa leo ambaye mkono wake wa kushoto haufanyi kazi hii hana haki ya kulaumu chombo.

Taarab inalionyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Tangu kilipoanzishwa chama cha Ikhwani Safaa huko Unguja mwaka 1905, lahani imebebwa na fidla, nai, udi na ganuni. Kidole cha mpigaji wa fidla hakina kizuizi juu ya waya. Chaweza kusimama popote, hata katikati ya noti mbili za kinanda. Kinanda cha kawaida, kwa upande wake, hugawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa, na makamu kama Rasti na Bayati huhitaji sauti zilizo kati ya hatua hizo. Katika miaka ya 1990 vikundi vya taarab ya kisasa, East African Melody kikiwa miongoni mwavyo, vilikipa kinanda kazi iliyokuwa ya ala nyingi. Faida yake haikanushiki: kundi dogo liliweza kusafiri na kuburudisha ukumbi mkubwa. Hasara yake haikuwa kinanda chenyewe, bali tabia iliyoota pamoja nacho, ya kuchagua sauti iliyoandikwa jina la fidla kiwandani, kisha kuipiga kana kwamba jina latosha. Fidla isiyoteleza si fidla. Dawa zipo: gurudumu la kupinda sauti, na vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la Kiarabu, ambavyo humruhusu mpigaji kushusha noti moja moja kwa nusu ya hatua. Vilevile kinanda chaweza kuacha kuiga fidla, kikatafuta lafudhi yake chenyewe.

Lafudhi hiyo ilipatikana mahali ambapo wakosoaji hawakuitazamia. Mchiriku, uliozaliwa Dar es Salaam kutokana na ngoma za Wazaramo, uliongozwa na vinanda vidogo vya Casio, ambavyo kwingineko vilihesabiwa kuwa vitu vya kuchezea watoto. Vilipigwa kupitia vikuza sauti vya zamani na spika za honi, kama zisikikavyo katika albamu ya Bongo Hotheads ya Jagwa Music, iliyotolewa mwaka 2012. Msikilizaji wa haraka huuita mkwaruzo ule ubovu wa mitambo. Lakini mkwaruzo una kazi yake. Kikuza sauti kinapozidiwa nguvu hukata vilele vya mawimbi, na katika kukata huko huzaliwa mitetemo mipya iliyo zidishio la ule wa asili: noti ya mitetemo 440 kwa sekunde huongezewa ya 880, ya 1320, ya 1760, na kuendelea. Mitetemo hiyo ya juu ndiyo inayoivusha sauti nyembamba juu ya ngoma nne au tano. Mafundi wa mchiriku waliyapata kwa mitambo chakavu yale ambayo mtumiaji wa sinthesaiza huyapata kwa kuchagua umbo la wimbi: umbo la meno ya msumeno lina mazidishio yote, na umbo la mraba lina yale ya witiri tu, kwa hiyo sauti yake huwa na uwazi kama wa mwanzi. Hata hivyo dawa hii ina kipimo. Noti moja ikikwaruzwa hubaki wazi; noti tatu zikikwaruzwa pamoja huzaa fujo, na hapo sauti haiongozi tena.

Singeli imelipeleka swali hili mbali zaidi. Waanzilishi wake walichukua vipande vya taarab, wakaviharakisha, na mghani akaghani juu yake. Na kipande kikiharakishwa mara mbili kwa njia ya kawaida hupanda oktava nzima, hata fidla ikawa kama ndege. Mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ulizipeleka nje ya Tanzania kazi za vijana wa studio ya Sisso ya Mburahati, Dar es Salaam. Mwendo wa muziki huu huanzia mapigo 200 hivi kwa dakika na kufika hata 300. Hapa hesabu ni mwalimu mkali. Kwa mapigo 240, pigo moja huchukua robo ya sekunde, na robo ya pigo huchukua sekunde 0.0625. Sauti inayohitaji sehemu ya kumi ya sekunde ili ijae hufa kabla ya kuzaliwa. Mwangwi wa sekunde 2 hufunika mapigo 8, na kila noti hukuta mabaki ya zile zilizoitangulia.

Kuna shauri lililoenea sana, kwamba sauti nyembamba inenepeshwe kwa kuweka mawimbi mawili yaliyoachana kidogo. Wimbi la mitetemo 440 likiwekwa pamoja na la 442, sauti hupwa na kujaa mara 2 kwa sekunde. Katika taarab ya polepole kupwa na kujaa huko ni uhai wenyewe. Katika singeli noti huisha kabla bahari haijageuka hata mara moja, na shauri zuri huwa kazi bure. Hakuna uzuri wa sauti ulio nje ya mwendo wa wimbo wake. Duke, mmoja wa watayarishaji wa singeli, aliipa albamu yake ya mwaka 2019 jina la Uingizaji Hewa, na jina hilo peke yake lafaa kuwa kanuni: kadiri muziki unavyokimbia, ndivyo sauti iongozayo inavyohitaji mwanzo mkali, mwisho mfupi, na nafasi tupu kandokando yake.

Hakimu wa mwisho ni msikilizaji, na msikilizaji hakai studio. Mtu wa Mitole, katika wilaya ya Kilwa, huupata wimbo uliotengenezwa Dar es Salaam kwa simu ya mkononi, au kwa spika ya honi ya harusini. Simu na honi haziwezi kutoa besi ya maana. Zinachobakiza ni sauti za katikati na za juu kidogo, ambako sikio la binadamu ni kali zaidi, yaani mitetemo 2000 hadi 5000 kwa sekunde. Huko huko ndiko zinakokaa konsonanti za mwimbaji. Basi kinanda kilichopambwa kikajaza eneo hilo huonekana shujaa katika spika za studio, lakini kikifika Mitole humeza maneno. Katika wimbo wa Kiswahili hasara hiyo ni kubwa, kwa kuwa mafumbo yakipotea, wimbo umekwisha potea. Mtayarishaji mwenye adabu hukifundisha kinanda kungoja: kijibu mwimbaji anapovuta pumzi, kipande oktava anaposema, na kipunguzwe pale anapohitaji nafasi. Na kabla ya kuitoa kazi yake, aisikilize kwa simu.

Kwa mizani hii, hukumu ya kwamba umeme umeua roho ya muziki haisimami, maana mafundi wa mchiriku waliisemesha Casio bila ya fedha wala vitabu. Wala haisimami imani ya kwamba kifaa kipya ni dawa, kwani zipo kazi zenye mitambo ya thamani ambazo sauti yake iongozayo haina mwanzo, haina mtelezo, wala haimpishi mwenziwe. Wahakiki wa fasihi wamezoea kuuliza kama vina na mizani vinatumikia maana ya shairi. Swali hilo hilo wanaweza kuliuliza juu ya kinanda, na wakiliuliza kwa uadilifu, kazi za Mburahati zitastahili kusomwa kwa makini kama zinavyosomwa tenzi.