Mkono Unaojua Kiasi

Kumwagilia bustani ni kazi isiyo na heshima. Katika nyumba nyingi za Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, hufanywa na yeyote aliye karibu na ndoo, na hakuna anayeuliza kama anaijua. Mimi naiona kuwa ufundi kamili, wenye mafundi na wanagenzi wake, na mboga inayoupima kuliko zote za uani ni nyanya. Mchicha husamehe. Matembele husamehe zaidi. Nyanya huhesabu kila siku uliyoisahau, kisha huitangaza kwenye tunda.

Tazama nyanya iliyooza kitako: juu ni nzuri, chini ina doa jeusi lililobonyea. Wengi hukimbilia duka la pembejeo kutafuta dawa ya ukungu, ilhali hapo hapana ugonjwa wa kuua. Tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu yenyewe imo udongoni, tele. Imekosa njia ya kufika. Hupanda kutoka mizizini ikiwa imeyeyuka majini, na maji hufuata zaidi majani, kwa kuwa majani ndiyo yanayotoa mvuke mwingi. Tunda hupata salio. Udongo ukiachwa ukauke, kisha ukagharikishwa, kisha ukaachwa tena, hata salio hilo halifiki. Gharika hiyohiyo hupasua nyanya zinazoiva, kwa sababu nyama ya ndani huvimba upesi kuliko ganda linavyotanuka. Ndiyo maana namsifu anayemwagilia bila kuruka zamu kuliko anayemwaga maji mengi.

Fundi huyo huanza kwa kidole. Hukichomeka udongoni karibu na shina. Akikuta unyevu, huacha maji ndooni. Hadanganywi na majani yaliyolegea saa saba mchana, maana jua kali huyalegeza hata pale udongo ulipolowa. Huyatazama alfajiri. Mche ulioamka umesinyaa na udongo mkavu una kiu ya kweli. Uliosinyaa huku udongo umelowa huenda una mnyauko, na maji hayatauponya. Akitaka hakika, hukata kipande cha shina na kukitumbukiza katika glasi ya maji safi: utando mweupe kama maziwa ukishuka, ni bakteria, na mche huo hung'olewa.

Hayo ni macho. Mkono nao una adabu yake. Humwaga asubuhi, chini kwenye shina, polepole, mpaka maji yazame. Kulowesha majani jioni ni kuukaribisha ugonjwa wa bakajani ulale nayo usiku kucha. Kunyunyiza kidogokidogo kila siku huifanya mizizi ibaki juu, mahali pa kwanza kukauka. Maji yanayozama huiita chini. Juu ya udongo hutandazwa nyasi kavu au maganda ya mpunga, na katika kiangazi cha Juni hadi Oktoba matandazo hayo huokoa ndoo nyingi.

Mbolea nayo haitengani na maji, kwa kuwa mche hautafuni, hunywa. Chembe iliyolala katika udongo mkavu haimlishi yeyote, na ikizidi huunguza mizizi. Samadi lazima iwe imeiva: ukitia mkono katikati ya lundo ukasikia joto, iache iendelee kuoza. Ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe, hivyo hukaa zaidi na hutiwa kwa uchache.

Kisha kuna mpangilio wa kulisha. Wakati wa kupandikiza, mizizi inataka fosforasi: DAP, au mbolea ya Minjingu, inayotokana na mwamba wa karibu na Ziwa Manyara. Mche ukishashika na kuanza kurefuka, hupewa CAN, yenye naitrojeni pamoja na kalsiamu. Kipimo cha wakulima wetu ni kizibo cha soda, karibu gramu 5 kwa mche, kikitandazwa kwa duara mbali kidogo na shina, kikafukiwa, kikamwagiliwa. Maua yakitoka, naitrojeni hupunguzwa na potasiamu huongezwa. Asiyepunguza hupata mti mnene, wa kijani kilichokolea, unaosifiwa na kila mpita njia na usiozaa cha kutia sufuriani.

Hapo ndipo ninapouheshimu ufundi huu hasa. Unamtaka mtu mwenye samadi tele azuie mkono wake kwa manufaa ya kile anachokipenda. Kutoa kwingi ni rahisi. Kutoa kwa wakati, kwa kiasi, na kurudi kesho yake kutazama kilichotokea, huko ndiko kutunza.

Watafiti wa Tengeru, karibu na Arusha, walitupatia Tengeru 97, nyanya yenye ganda imara inayovumilia kukaa baada ya kuchumwa. Ni kazi kubwa, nami naishukuru. Lakini mbegu hiyo ikipandwa kwa mtu wa maji ya leo na ukame wa wiki nzima, itaoza kitako kama nyingine. Mbegu bora huuzwa dukani, na mbolea vilevile. Mkono unaojua kiasi hauuzwi popote. Hupatikana kwa kukaa na mmea, na hata asiye na shamba, mwenye miche michache ndani ya ndoo kuukuu, anaweza kuwa nao.