Kuoa, Kuolewa na Kuoana: Usawa wa Ndoa katika Maandishi ya Ukerewe na katika Sheria ya Nchi

Mwalimu wa sarufi akimsikia mwanafunzi akisema, "Mama yule ameoa," humsahihisha mara moja. Humwambia ya kuwa mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na wawili kwa pamoja huoana. Sahihisho hilo ni jema kwa Kiswahili sanifu. Lakini mwanafunzi akiwa ametoka Tarime aweza kumjibu ya kuwa kwao mama huoa kweli, akatoa ng'ombe, na mke akaja nyumbani kwake. Hapo mwalimu hushikwa na mashaka. Je, sentensi ile ilikuwa na kosa la lugha, au ilikuwa na habari ambayo mwalimu hakuijua?

Makusudi ya makala haya ni kulichunguza swali hilo kwa kutazama kitenzi chenyewe, kisha kitabu kikubwa kilichoandikwa Ukerewe juu ya mume na mke, na mwisho sheria ya ndoa ya Tanzania. Natumaini kuonyesha ya kuwa madai ya usawa baina ya watu waliofunga ndoa, ambayo wengine huyadhani kuwa mgeni aliyeshuka melini jana, yana mizizi ya zamani kandokando ya Ziwa Viktoria. Na ya kuwa sisi tushughulikao na lugha tuna sehemu yetu ya lawama, na sehemu yetu ya kazi.

Tuanze na kitenzi. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilieleza *oa* kuwa ni neno la mwanamume na *olewa* kuwa ni neno la mwanamke, na kamusi zilizofuata zimeshika njia hiyo hiyo. Liko tena neno *oza*, ambalo ni la wazazi na la yule afungishaye ndoa. Basi katika shina moja twapata watu watatu: aoaye, aolewaye, na aozaye. Jambo la kuangaliwa ni kuwa mama wa bibi arusi aweza kuwa mtenda, kwa kuwa yeye humwoza binti yake; lakini bibi arusi mwenyewe hana umbo la kutenda ila katika *oana*, na hapo hutenda pamoja na mwenzake. Wala Kiswahili si peke yake katika haya. Katika Kihaya, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, mwanamume hushwera na mwanamke hushwerwa.

Hata hivyo yatupasa tujihadhari. Umbo la kutendwa si alama ya unyonge sikuzote: anayependwa si mnyonge kwa sababu ya kupendwa, wala aliyechaguliwa hakudharauliwa. Kosa si la lugha. Lugha yetu tangu zamani ina maneno ambayo hayampendelei mmoja: watu *hufunga ndoa*, watu *huoana*, na kila mmoja ni *mwenzi* wa mwenzake. Neno *mwenzi* halina mume wala mke ndani yake. Mtu atumiapo *oa* na *olewa* mahali ambapo *funga ndoa* ingefaa, amechagua mwenyewe, na yapasa aulizwe sababu ya uchaguzi wake.

Sasa tutazame kitabu. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 akafa mwaka 1981, aliandika riwaya yake kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945. Alikaa miaka mingi bila ya kupata mpiga chapa, mpaka yeye mwenyewe alipoifasiri kwa Kiswahili, nayo ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Wahakiki wengi wamekisifu kitabu hiki kuwa ni ghala ya mila: namna ya kulima, kuvua samaki, kutengeneza pombe, kutafuta dawa. Sifa hiyo ni ya haki, lakini imekifanya kitabu kisomwe kama daftari la desturi, na hoja yake kubwa ikapita bila ya kuonekana.

Hoja hiyo yaanzia katika jina la kitabu. Mtungaji hakusema "Myombekere na mkewe". Alisema *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*, akaongeza na watoto wao wawili, Ntulanalwo na Bulihwali, mmoja mwana wa kiume na mmoja binti. Kila mmoja wa hao wakubwa amepewa heshima yake mbele ya jina lake, na kiungo kilicho baina yao ni *na*. Katika kitabu kinachoeleza maisha ya Ukerewe ya zamani, kabla ya utawala wa wageni kukomaa, jina la namna hii si jambo dogo.

Kisa chenyewe chajulikana. Mume na mke wamekaa bila ya kupata mtoto. Jamaa za mume wamtupia mke lawama yote. Wazazi wa Bugonoka, kwa uchungu wa maneno ya dharau aliyotukaniwa mtoto wao, wamchukua na kumrudisha kwao. Myombekere haoni kuwa amepata nafasi ya kuoa mwingine; aona kuwa amepungukiwa. Aenda ukweni, aomba, atozwa faini ya pombe ya ndizi, naye aitengeneza kwa jasho lake na kwa msaada wa marafiki, mpaka mkewe anarudi. Baadaye wapata mganga, na mwishoni wapata watoto.

Msomaji aangalie ni nani aliyetozwa. Aliyetukanwa ni mke, na aliyelipa ni upande wa mume. Mila za Ukerewe, kama Kitereza alivyozieleza, zilikuwa na mizani: mke alikuwa na watu wake wa kumtetea, na utu wake ulikuwa na bei ambayo mume hakuweza kuikwepa. Tena aangalie jinsi mtungaji anavyoonyesha upendo. Hauonyeshi kwa maneno matamu, bali kwa kazi: kukata ndizi, kukamua, kungoja, kubeba. Wasomaji wanaoona kurasa za pombe kuwa ndefu mno wamekosa kuona ya kuwa kurasa zile ndizo barua ya mapenzi ya Myombekere. Na aliyeziandika alijua alilolinena, maana yeye na mkewe, Anna Katura, walizika watoto wao wangali wachanga, wala hakuoa mke mwingine.

Lakini mhakiki asiyesema upungufu wa kitabu amekisaliti kitabu. Upungufu wa Kitereza ni kuwa shauri la kurudi kwa Bugonoka hukatwa na wazee. Yeye mwenyewe apendwa, atetewa, alipiwa, arudishwa. Vitenzi vyake katika shauri lile ni vya kutendwa. Twajua ya kuwa ampenda mumewe, lakini hapati baraza la kulisema neno hilo kama haki yake. Mizani ya mila ilipima heshima ya nyumba mbili. Hiari ya watu wawili haikuwekwa juu yake.

Kisiwa hicho hicho kilitupa kitabu cha pili cha kulinganisha. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, ilitolewa mwaka 1971. Humo hamna tena ukoo wa kusimama upande wa msichana. Rosa ana baba mkali asiyemfundisha, shule isiyomlinda, na mchumba anayemwacha kwa ajili ya mambo yake yaliyopita, ingawa hakuna aliyeyauliza yaliyopita ya mchumba. Mwisho wake ni kujiua. Tukivisoma vitabu hivi viwili pamoja, twaona hasara iliyopatikana: mizani ya zamani imevunjika, na mizani mpya haijatundikwa.

Mwaka ule ule wa 1971 Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, nayo ndiyo ilikusudiwa kuwa mizani hiyo mpya. Haki yake isifichwe. Ilikusanya ndoa za dini zote, za mila na za serikali chini ya sheria moja. Ilimpa mke haki ya mali sawasawa na mume, ikakataza mmoja kumpiga mwenziwe kwa kumrudi. Kifungu cha 160 kilisema ya kuwa mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kuwa ni mume na mke, watachukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitike vingine. Na katika shauri la Bi Hawa Mohamed, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali ya kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa mwenyewe hakukipata alichokidai. Mwanza nayo ina sehemu yake katika historia hii: mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya huko alikata shauri la Bibi Holaria Pastory wa Muleba, akasema ya kuwa mila inayomzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo, na hali haimzuii mwanamume vivyo hivyo, imepingana na haki zilizomo katika Katiba.

Lakini sheria ile ile iliweka umri wa mwanamume kuwa miaka 18 na wa mwanamke miaka 15. Rebeca Gyumi alivishitaki vifungu hivyo. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 ya kuwa vyapingana na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja wa kuvirekebisha. Mwaka huo ukapita bila ya kurekebishwa. Serikali ilikata rufani, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu mnamo Oktoba 2019. Wakati wa mashauri hayo watu wengi walisema juu ya "umri wa kuolewa", kana kwamba kuolewa kuna umri wake na kuoa kuna umri wake mwingine. Kiingereza cha sheria kina kitenzi kimoja kwa wote wawili. Ubaguzi wake uko katika hesabu ya miaka. Kiswahili chetu kikaongeza ubaguzi wa pili katika kitenzi, na ule wa kwanza ukaonekana kuwa ni jambo la maumbile.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wa Tarime. Wakurya wa mkoa wa Mara wana ndoa iitwayo *nyumba ntobhu*. Mwanamke mzima asiye na mtoto, au asiye na mwana wa kiume, hutoa mahari akaoa mwanamke kijana. Watoto anaowazaa huyo kwa mwanamume aliyechaguliwa huwa watoto wa nyumba ya yule aliyeoa. Wanandi wa Kenya wana desturi iliyo karibu na hiyo, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa, katika shauri la Monica Jesang Katam, iliikubali ndoa ya namna hiyo kwa ajili ya urithi. Sheria ya Tanzania haina mlango kama huo, kwa kuwa kifungu cha 9 chasema ya kuwa ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke.

Watu wa pande mbili wameivuta desturi hii kwa nguvu. Wanaotetea haki ya wapenzi wa jinsia moja kufunga ndoa, haki iliyokubaliwa Afrika Kusini mwaka 2006, huitaja kuwa ni ushahidi wa Kiafrika. Wanaopinga husema haihusiani hata kidogo. Wote wawili wameisoma kwa haraka. Wakurya wenyewe huieleza kuwa ni ndoa ya nyumba na ya uzao, si ya mapenzi ya wawili wale, wala si haki kuisemesha neno ambalo wenyewe hawakulisema. Na ijulikane ya kuwa mapenzi ya kimwili ya jinsia moja huadhibiwa kwa kifungo kirefu katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania. Lakini desturi hii huvunja hoja moja, ile isemayo ya kuwa tangu asili, mahali pote na kwa watu wote wa kwetu, aoaye ni mwanamume tu. Mwenye kutaka kuwanyima watu fulani haki ya ndoa atafute hoja nyingine. Hii ya asili imekwisha kuanguka Tarime.

Wala tusiipambe *nyumba ntobhu*. Yule aolewaye mara nyingi ni kijana na maskini, na hiari yake yaweza kuzamishwa katika hesabu ya ng'ombe kama hiari ya Bugonoka ilivyozamishwa katika shauri la wazee. Aliyeoa akifa, jamaa wa marehemu mumewe waweza kuja kudai shamba. Na mjane wa mwanamke, pamoja na watoto wake, atasimama mbele ya hakimu bila ya kifungu cha kumtaja. Kifungu cha 160 kiliwauliza mwanamume na mwanamke jinsi walivyoishi, si jinsi walivyoanza. Swali hilo ni jema, na sioni sababu ya haki ya kutowauliza na wengine.

Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo mfasiri wa sheria ya ndoa ana kalamu iliyo nzito kuliko alivyozoea, maana kila afikapo kwenye kitenzi kile cha Kiingereza hana budi kuchagua. Akiandika "kuoa au kuolewa" amegawa watu mafungu mawili kabla ya sheria kusema neno lo lote. Akiandika "kufunga ndoa", na "mwenzi" badala ya mume au mke mahali ambapo haki ni moja, ameacha mlango wazi kwa Bunge na kwa majaji kusema watakalolisema.

Na sisi watunga kamusi tuna deni letu. Katika ingizo la *oa* tuandike ya kuwa kwa kawaida hutumika kwa mwanamume, kisha tuongeze ya kuwa mkoani Mara hutumika pia kwa mwanamke atoaye mahari. Kamusi haimpi mtu haki ya urithi, lakini hakimu akitafuta maana ya neno ataifungua. Na mwanafunzi wa Tarime hatasahihishwa tena kwa kosa ambalo hakulifanya.