Walimtoa kiungo, wakashangaa mpira haufiki mbele

Tuanze na jambo moja, mengine yatasubiri. Mwaka 2014, Human Brain Project, ule mradi mkubwa wa Ulaya wa ubongo wa binadamu, ulikuwa haujatimiza hata mwaka tangu uanze Oktoba 2013. Uongozi ulioketi Lausanne chini ya Henry Markram ukaandaa mpango wa awamu iliyofuata, na humo ukakiondoa kwenye kiini cha mradi kitengo cha sayansi ya utambuzi, kilichokuwa mikononi mwa Stanislas Dehaene wa Ufaransa. Kosa. Nililiita kosa wakati ule, na sijapata sababu ya kulibadilishia jina.

Mnaofuatilia mnajua kitengo kile kilikuwa na kazi gani. Nyuma kabisa kuna jeni, protini, seli na sinapsi. Mbele kabisa kuna mtu anayekumbuka jina la shangazi yake, au anayesimama kando ya barabara akiamua avuke sasa au asubiri daladala lipite. Katikati lazima awepo wa kupokea mpira kutoka kwa mabeki na kuupeleka mbele: wa kusema ni data ipi ya seli inaeleza kumbukumbu, na ni jaribio gani la kumbukumbu litakalotuonyesha kwamba modeli yetu ya seli ni ya kweli au ni pambo la skrini. Huyo ni kiungo. Kumtoa mshambuliaji aliyechoka naelewa. Kumtoa kiungo kipindi cha kwanza, huku benchi huna mwingine wa namba ile, ni kuamua kwamba kuanzia sasa mabeki watabutua mipira mirefu na Mungu atajua itakakoangukia.

Utetezi tuliusikia. Hakuna aliyefukuzwa, tuliambiwa. Watafiti wa utambuzi wangeweza kuingia kama miradi washirika. Sawa, lakini tazama hela zilipopita. Kiini cha mradi kililipwa na Tume ya Ulaya. Miradi washirika ilitakiwa ikatafute fedha zake kwenye serikali na mifuko ya utafiti ya kwao. Ni sawa na kuletewa kadi ya harusi iliyoandikwa kwamba umekaribishwa sana, chakula uje nacho, na kamati imeshajaa.

Na hapa ndipo ninapokereka hasa. Chombo hiki, Human Brain Project, hakikujinadi kama maabara ya mtu mmoja. Kilijinadi kama nyumba ya kila mtafiti wa neva: majukwaa sita, la kukusanya data za neva, la uigaji wa ubongo, la kompyuta kuu, la taarifa za hospitali, la chipu zinazoiga neva na la roboti. Hivi nani angeyatumia? Hao hao waliobaki nje ya geti. Ukimjengea mtu jiko halafu ukamzuia kuingia kukuonyesha anapikaje, usimlaumu akiendelea kupikia uani kwake.

Hawakukaa kimya. Tarehe 7 Julai 2014 ilitoka barua ya wazi kwa Tume ya Ulaya, na kina Zachary Mainen wa Lisbon, Alexandre Pouget wa Geneva na Peter Dayan wa London walikuwemo. Sahihi zilianza zaidi ya 150, zikapita 700. Waliahidi kutoomba nafasi ya mradi mshirika kama mambo hayatarekebishwa. Jukwaa la kushirikiana likasusiwa na washirika kabla halijafunguliwa! Jibu la uongozi? Kwamba huu ni mtazamo mpya wa sayansi na wanaolalamika hawajauelewa. Kocha akianza kusema mashabiki hawaelewi mfumo wake, mimi huangalia saa.

Tabia hii ya kuahidi makubwa haikuanzia hapo. Najua mmechoka kunisikia nikiitaja hotuba ya Markram ya Oxford ya 2009, aliposema ubongo wa binadamu unaweza kujengwa ndani ya kompyuta kwa miaka kumi. Nitaacha kuitaja siku nitakapouona.

Mwanabiolojia Sydney Brenner, yeye, hakuahidi ubongo wa binadamu. Pale Cambridge alichagua mnyoo wa milimita moja, mwenye seli za neva 302, na mwaka 1986 yeye na John White, Eileen Southgate na Nichol Thomson wakachapisha mchoro wa nyaya zake zote, kurasa 340, kazi ya darubini na kalamu. Lakini nyaya siyo hoja yangu leo. Hoja ni kijarida. Tangu 1975 watu wa mnyoo walikuwa na Worm Breeder's Gazette, iliyoanzishwa na Bob Edgar huko California, ambamo mtu aliandika matokeo yakiwa bado mabichi ili wenzake wayaone. Sharti lilikuwa moja: ukitaka kuyanukuu, mwombe kwanza mwenyewe. Basi. Na John Sulston, aliyelelewa kwenye mnyoo huo huo, ndiye aliyekwenda Bermuda mwaka 1996 akasimamia makubaliano kwamba mfuatano wa jenomu ya binadamu uwekwe wazi ndani ya saa 24.

Linganisheni na siku hizi, makala inapoishia na ule mstari kwamba data zinapatikana kwa maombi. Niliwahi kuomba, mara tatu, kwa mtafiti ambaye sitamtaja. Mara ya tatu barua pepe yenyewe ilirudi, sanduku lake limejaa.

Haki itendeke, wapo wanaotoa kazi zao wazi: ramani ya ubongo ya BigBrain ya Jülich na Montreal, vipande 7,404 vya ubongo mmoja vilivyotolewa bure mwaka 2013, ni kazi safi, na jukwaa la EBRAINS lililoachwa na Human Brain Project linatumika.

Turudi kwenye mgogoro wa barua: Machi 2015 Wolfgang Marquardt, mpatanishi wake, akatoa ripoti: sayansi ya utambuzi irudishwe, na uongozi ubadilishwe. Kamati ya watu watatu iliyokuwa na usukani ilikuwa imeshakubali kuvunjwa. Mwaka 2016 Katrin Amunts akashika uongozi wa kisayansi. Mradi ulimalizika Septemba 2023, euro milioni 607 zikiwa zimetumika badala ya ile bilioni iliyotangazwa. Kiungo alirudi uwanjani kwenye awamu ya 2016, misuli imepoa, na nusu ya timu walikuwa wameshazoea kubutua.