Je, Diski Huteleza? Uhakiki wa Istilahi za Maradhi ya Mgongo

Istilahi mbovu kitabuni humchosha msomaji. Istilahi mbovu hospitalini humlaza mgonjwa kitandani. Hayo tumeyajua kwa mgongo wetu wenyewe. Tulipokuwa tukiinua sanduku la vitabu, maumivu yalitushika kiunoni, yakateremka pajani hadi wayo wa mguu wa kushoto. Katika hospitali tuliyokwenda tulipewa kipeperushi cha kurasa mbili kilichoandikwa kwa Kiswahili. Kipeperushi hicho ndicho tunachokihakiki hapa. Nia yetu si kuwabeza waandishi wake, kwani kumweleza mgonjwa maradhi yake kwa lugha anayoielewa ni jambo la kusifiwa. Lakini sifa haiondoi haja ya uhakiki.

Tuanze na istilahi kuu, yaani "diski iliyoteleza". Katika Kiswahili, kitu kilichoteleza kimetoka mahali pake kikiwa kizima, na mwenye nguvu aweza kukirudisha. Diski haifanyi hivyo. Imeshikamana na pingili iliyo juu yake na iliyo chini yake. Ina ukuta mgumu wa nyuzinyuzi na kiini laini ndani. Ukuta ukichanika, kiini huchomoza, na pengine hugusa au kubana mzizi wa neva. Ndipo maumivu yanaposhuka mguuni. Mwaka 1934 madaktari wa Marekani, Mixter na Barr, walipoeleza chanzo hiki cha maumivu, walitaja kupasuka kwa diski, si kuteleza. Kuteleza ni usemi wa mitaani wa Waingereza, nasi tumeutafsiri neno kwa neno pamoja na kosa lake.

Kosa hilo lina gharama. Sisi tulilala chali majuma mawili tukichelea kwamba kila hatua ingeitelezesha diski zaidi. Majirani nao walitushauri twende kwa mkandaji hodari "aisukume irudi". Kumbe kulala kwa muda mrefu hudhoofisha misuli na kuchelewesha nafuu. Wagonjwa wengi hupata nafuu katika majuma au miezi michache bila kupasuliwa, kwa kutembea kidogo kidogo na kufanya mazoezi waliyoelekezwa. Na mara nyingi sehemu iliyochomoza husinyaa yenyewe. Kipeperushi kilisema hayo katika ukurasa wa pili, lakini jina la ugonjwa lilikwisha kututisha katika ukurasa wa kwanza.

Istilahi ya pili ni "ugonjwa wa uti wa mgongo". Mama mkubwa alipoisikia, aliwaondoa watoto chumbani mara moja. Hakukosea, kwani homa ya uti wa mgongo anaijua na anajua kwamba huweza kuambukiza. Jina moja limebebeshwa mizigo mitatu: safu ya mifupa, kamba ya neva ipitayo ndani yake, na homa inayoshambulia utando wa ubongo na wa kamba hiyo. Tunapendekeza "uti wa mgongo" ubaki kwa mifupa, kwa kuwa uti ni mhimili. Na kamba ile iitwe "ugwe wa mgongo". Jina la homa limeenea mno kubadilishwa. Kwa hiyo ni lazima maradhi ya mifupa na diski yapewe majina yasiyofanana nalo.

Tatu, "mshipa umebanwa". Mshipa ni wa damu, ni kano, ni neva, na kwa wengine ni ngiri. Neno "neva" limo tayari katika vitabu vya shule, litumiwe.

Kosa la nne ndilo zito kuliko yote, nalo ni la tafsida. Kipeperushi kinasema: "Ukihisi ganzi sehemu za chini, muone daktari." Sehemu zipi? Nyayo? Magoti? Ilipasa kutajwa wazi kwamba mgonjwa akipata ganzi sehemu za siri, makalioni au kati ya mapaja, akashindwa kutoa au kuzuia mkojo au haja kubwa, au miguu ikazidi kulegea, afike hospitali siku hiyo hiyo. Akichelewa, huenda asipone kabisa. Heshima ya lugha ni nzuri, lakini hapa haya ya mwandishi yaweza kumlemaza msomaji.

Je, diski tuiiteje? Neno "pingili", lililotolewa katika muwa, ni mfano bora wa istilahi iliyochimbwa nyumbani. Tufuate njia hiyo. "Kisahani" kinaleta picha ya kitu kigumu kivunjikacho. Kazi ya diski ni kupokea uzito kati ya pingili na pingili, kama takia. Kwa hiyo tunapendekeza "kitakia cha pingili", na ugonjwa wenyewe uitwe "kuchomoza kwa kitakia". Wataalamu waliozoea "diski" waendelee nayo wao kwa wao. Mgonjwa apewe neno linalomwonyesha kilichompata.

Tunawaomba waganga, wauguzi na wasomaji watupinge au watuunge mkono kwa hoja. Sisi sasa twaweza kukaa mezani nusu saa, kisha huinuka tukatembea. Makala haya yameandikwa kwa nusu saa hizo.