Boksi Lenye Vioo Viwili

Ukiishika kamera ya Box Tengor kwa mara ya kwanza unaweza kudhani ndani hamna kitu. Ni boksi la chuma lililovishwa ngozi bandia nyeusi, lenye mkanda wa kubebea juu na ufunguo wa kuzungushia filamu ubavuni. Halina betri wala kipimo cha mwanga. Mimi kila nikilifungua nazidi kuwaheshimu waliolibuni, maana walijua cha kuacha, wakajua pia kipi wasikifanyie ubahili.

Jina Tengor lilianzia kwa Goerz, kampuni ya Berlin. Mwaka 1926 Goerz iliungana na Ernemann, Ica na Contessa-Nettel, ikazaliwa Zeiss Ikon ya Dresden, ambayo iliendelea kuzitengeneza kamera hizi hadi miaka ya 1950. Ujerumani ya wakati huo haikukosa maboksi ya bei rahisi. Mwaka 1932 kampuni ya Agfa iliuza lake kwa mark 4 tu, mradi mnunuzi alete sarafu ambazo herufi za viwanda vilivyozitengeneza, zikipangwa, zinasomeka A, G, F, A.

Ubora wa Tengor uko kwenye lenzi. Maboksi mengi yaliwekewa kioo kimoja kilichopinda, basi. Lenzi ya Goerz Frontar ni vioo viwili vya aina tofauti vilivyogandishwa pamoja, kimoja kikirekebisha kasoro ya mwenziwe, ili rangi za mwanga zikutane mahali pamoja. Halafu kuna vijiti viwili vidogo mbele, na hapa ndipo ninapovutiwa zaidi. Kimoja kinabadilisha ukubwa wa tundu: 11, 16, 22. Cha pili kinaleta lenzi ndogo ya ziada kwa ajili ya vitu vya karibu. Kuna sehemu ya mita 1 hadi 2, ya mita 2 hadi 8, na ya mbali zaidi. Lenzi kuu haisogei hata kidogo. Fundi aliyewaza hivyo alikwepa gharama ya mitambo ya kusogeza lenzi, na picha ya uso wa mtu bado ikatoka safi.

Kuipakia filamu kunataka utulivu. Unavuta ufunguo nje, unachomoa kiunzi cha ndani, unapitisha karatasi ya filamu nyuma yake na kuichomeka kwenye bobini tupu. Ukishafunga, zungusha polepole huku ukitazama kidirisha chekundu nyuma: vialama vinatangulia, kisha namba. Ukiharakisha namba inapita, na picha hiyo umeipoteza. Kidirisha ni chekundu kwa sababu filamu za zamani hazikuathiriwa na mwanga mwekundu. Za leo huathiriwa, kwa hiyo kizibe mara tu unapomaliza kuzungusha.

Filamu moja inatoa picha 8. Unalibana boksi tumboni, unainamia kitazamio, ambamo kulia kumekuwa kushoto, unashusha pumzi, unabonyeza. Mwendo wa shata ni mmoja, takriban sehemu ya 30 ya sekunde, hivyo mkono ukitikisika picha itasema. Kwa jua kali na filamu ya ISO 100, weka tundu la 22.

Kinachotoka ni negativu ya sentimita 6 kwa 9, zaidi ya mara tano ya eneo la ile ya milimita 35. Pembeni ukali wa picha hulegea kidogo, na sioni haja ya kulificha hilo. Katikati, mishono ya shati inahesabika.

Kwa hiyo ukiikuta imekaa kabatini mwa mzee, usiigeuze pambo la sebuleni. Angalia kama lenzi haina ukungu na kama shata inafyatuka, halafu nunua filamu namba 120. Inatengenezwa hadi leo, na inaingia bila kubadilisha chochote.