Desturi, Sheria na Katiba: Uhakiki wa Lugha ya Mahakama za Kadhi

Katika mtaa wa Tena, mashariki ya jiji la Nairobi, jirani na Umoja na Donholm, mzaliwa wa Lamu, Msomali na Mkamba aliyesilimu huweza kupanga katika ploti moja, nao wote husemezana kwa Kiswahili. Mmoja wao akifiwa na mumewe, shauri la mirathi hujadiliwa kwa Kiswahili sebuleni, dua husomwa kwa Kiarabu msikitini, na mambo yakifika mahakamani huamuliwa chini ya Katiba ambayo kauli yake ya mwisho imo katika Kiingereza. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini ibara ya 259 inaagiza kwamba matini za lugha mbalimbali zikihitilafiana, ile ya Kiingereza ndiyo itakayoshinda. Wanasheria wameandika mengi mintarafu ya mahakama za Kadhi. Makala haya yanakusudia kuihakiki lugha yenyewe, maana humo ndimo ilimojificha sehemu kubwa ya ugomvi.

1. Maneno yaliyobadilishana viti

Mwarabu aitajapo katiba husema dustur, neno lenye asili ya Kiajemi. Neno hilo hilo lilipoingia katika Kiswahili likawa desturi, yaani mazoea ya watu ambayo hayakuandikwa popote. Sharia, ambayo kwa Mwarabu ni njia aliyoiweka Mwenyezi Mungu, ikawa sheria, na Mswahili huitumia kwa ardhi, kwa kodi na kwa magari barabarani. Qanun, ambayo kwa Mwarabu ni sheria itungwayo na dola, ikawa kanuni, hata za mchezo wa mpira. Neno katiba nalo limechukuliwa kutoka mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika, ingawa Waarabu wenyewe hawalitumii kwa maana hiyo.

Matokeo yake ni kwamba mjadala wa nchi za Kiislamu juu ya dustur na sharia, ukihamishiwa katika Kiswahili bila uangalifu, hugeuka kuwa mjadala mwingine kabisa. Kwa Kiswahili, "sheria ya Kiislamu" ni tawi moja miongoni mwa matawi mengi ya sheria. Mcha Mungu huona kwamba imeshushwa daraja. Asiye Mwislamu huiona haina neno. Lakini irabu ikibadilika, sheria ikawa sharia, huyo wa pili hushtuka. Kabla ya kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, wakati viongozi wengi wa makanisa walipozipinga mahakama za Kadhi, hofu kubwa ilibebwa na irabu hiyo moja.

2. Cheo kilichosalia

Hata hivyo, Kadhi hakuletwa na Katiba ya 2010. Mkataba wa mwaka 1895 baina ya Uingereza na Sultani wa Zanzibar uliiacha pwani ya maili kumi chini ya bendera ya Sultani, na mahakama za Kiislamu zikaendelea chini ya Waingereza. Mwezi wa Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, walibadilishana barua za kuihifadhi hadhi hiyo, nayo ikaingizwa katika kifungu cha 66 cha katiba ya zamani. Katika vyeo vitatu vya pwani, liwali, mudiri na kadhi, ni kadhi peke yake aliyesalia. Tarehe 24 Mei 2010 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba kifungu hicho kilikwenda kinyume na usawa wa raia. Miezi michache baadaye wapiga kura waliikubali Katiba mpya yenye Kadhi ndani yake.

3. Funzo la Misri

Uzito wa neno dogo katika katiba unadhihirika Misri. Katiba ya Misri ya mwaka 1971 ilitamka kwamba misingi ya sharia ni "chanzo kikuu" cha utungaji wa sheria. Mwaka 1980 kiambishi al- kiliongezwa, na maana ikawa kwamba hiyo ndiyo chanzo kikuu, si kimojawapo tu. Mwaka 1985 Mahakama ya Kikatiba ikalazimika kueleza kwamba agizo hilo linawahusu watunga sheria na sheria zilizotungwa baada ya badiliko hilo.

Mfasiri wa Kiswahili angefanyaje? Kiswahili hakina kiambishi cha namna hiyo. "Ni chanzo kikuu" hubeba maana zote mbili. Hapana budi kuandika "ni mojawapo ya vyanzo vikuu" na "ndiyo chanzo kikuu". Basi lugha ina nyenzo za kutosha. Linalopungua ni uangalifu.

4. Kukubali na kuridhia

Uangalifu huo unahitajika zaidi katika ibara ya 170. Kadhi huamua masuala ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na urithi, pale tu wahusika wote wawapo Waislamu na wakajiweka chini ya mamlaka ya mahakama hiyo. Tendo hilo la mwisho ndilo mlango wa kuingilia. Likifasiriwa kwa "kukubali", huonekana kama kuafiki hoja. Likifasiriwa kwa "kuridhia", hugusana na fikihi, ambamo kimya cha mwanamwali anayeposwa huhesabiwa kuwa ridhaa yake. Je, mjane wa Tena aliyeketi kimya mbele ya Kadhi huku mashemeji wakisema, ameridhia? Katiba inamtaka atende, lakini neno linaweza kumhesabia kimya chake.

Vivyo hivyo ibara ya 24 inalegeza kanuni ya usawa mbele ya Kadhi, lakini kwa kadiri ya lazima kabisa tu. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba watoto wa baba Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi kwa sababu ya kuzaliwa huko. Wako walioshangilia na wako waliohuzunika. Wote walikuwa wakibishana juu ya upana wa neno "lazima".

5. Hitimisho

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, "Sharia" na "sheria" zitenganishwe katika matini rasmi, na tofauti ielezwe bila kutisha. Pili, ibara ya 170 isomwe kwa maneno "kujiweka chini ya mamlaka kwa kauli yake mwenyewe", ili kimya kisigeuzwe kuwa ridhaa. Tatu, matini ya Kiswahili ipewe nguvu sawa na ya Kiingereza. Ikiwa Kiswahili kinatosha kuposea, kutalikia na kumliwazia mfiwa, hapana sababu ya haki na hukumu kumfikia mjane huyo kwa lugha ambayo hakuitumia katika lolote kati ya hayo.