Aseniki katika Nywele za Napoleon: Uhakiki wa Kipimo na Tafsiri Yake

Mwaka 1961 jarida la Nature lilichapisha makala fupi ya Sten Forshufvud, Hamilton Smith na Anders Wassén. Ilihusu nywele zinazosemekana kukatwa kichwani mwa Napoleon mara baada ya kifo chake huko Saint Helena mwaka 1821. Kiwango cha aseniki kilichotolewa ni mikrogramu 10.38 kwa kila gramu ya nywele, kiasi kilichopita mbali kile kilichohesabiwa kuwa cha kawaida. Juu ya tarakimu hiyo Forshufvud, ambaye alikuwa daktari wa meno wa Sweden, alijenga shtaka la mauaji.

Mbinu iliyotumika ilistahili heshima. Sampuli ikiwekwa ndani ya kinu cha nyuklia, nyutroni huigeuza aseniki-75 kuwa aseniki-76, ambayo ni nururifu na hupungua kwa nusu katika muda wa saa 26 hivi. Mnururisho wake ndio unaohesabiwa. Sifa kuu ya mbinu hii ni kwamba vumbi au kemikali inayoingia katika sampuli baada ya kutoka kinuni haiharibu hesabu, kwa kuwa aseniki hiyo ngeni si nururifu. Watetezi wa shtaka wameitaja sifa hii kana kwamba inafunga kila mlango. Haifungi. Kinga hiyo huanza pale sampuli inapotoka kinuni, ilhali nywele hizi zilikuwa zimepita mikononi mwa watu kwa miaka 140, nyingi kati yake zikiwa za karne ambayo aseniki ilitumika katika rangi, karatasi za ukutani, dawa na uhifadhi wa vitu. Kinu huhesabu aseniki yote iliyomo. Hakibagui iliyopita tumboni na iliyogusa unywele kutoka nje.

Hoja ya pili ni ya kiufundi zaidi, na ndiyo inayosahauliwa mara nyingi. Aseniki-76 hutoa miale ya gama ya kilo-elektroni-volti 559. Antimoni-122 hutoa ya 564. Vigunduzi vya zamani vya sodiamu iodaidi haviwezi kuitenga mistari hiyo miwili, ila vile vya gemaniamu huweza. Napoleon alipewa dawa ya kutapisha yenye antimoni katika wiki zake za mwisho. Kwa hiyo, popote palipokosekana utengaji wa kikemia ulio madhubuti au kigunduzi chenye uwezo huo, antimoni ingeweza kuhesabiwa kuwa aseniki. Mwaka 1982 Lewin, Hancock na Voynovich, katika jarida lilelile, walipima upya na kukana kuwapo kwa ushahidi wa kulishwa sumu ya aseniki kwa muda mrefu.

Kazi iliyopangwa vizuri zaidi ni ile ya wanafizikia wa Italia iliyotangazwa mwaka 2008, iliyotumia kinu kidogo cha Pavia. Walilinganisha nywele za Napoleon za utotoni Corsica, za uhamishoni Elba na za Saint Helena, pamoja na za mwanawe, za Josephine na za watu wa leo. Nywele zote za kale zilikuwa na aseniki takribani mara mia moja ya zile za leo, na zile za mtoto hazikutofautiana kwa maana yoyote na za mfungwa. Ubora wa mpango huu ni kwamba kosa lolote la urekebishaji wa vifaa lingeziathiri sampuli zote kwa namna moja, na ulinganisho ungebaki.

Hata hivyo, waliodai kwamba Waitalia walithibitisha kuwa mazingira ya wakati ule yalijaa aseniki walisoma zaidi ya kilichopimwa. Usawa wa viwango ungeweza pia kutokana na desturi moja ya kuhifadhi nywele za kumbukumbu. Kipimo kinaondoa ongezeko la ghafla la mwishoni mwa maisha, na kwa hilo shtaka la 1961 linakosa mguu wa kusimamia. Chanzo cha aseniki yenyewe hakikupimwa.